Kogo Hajaambiwa

Majina kumi na tisa yaliitwa asubuhi ile, na mtoto akalala fofofo kama mtu anayesomewa matangazo ya kanisa.

Alikuwa mvulana wa siku nane, mzito, mashavu yamejaa. Hospitalini aliandikwa Brighton, na kwa kuwa alizaliwa kukipambazuka, Kimulot nzima ilimwita Kipkoech bila kuuliza mtu. Lakini lilibaki jina la tatu, lile ambalo hata wanaokaa viti vya mbele kanisani hawaliachi: jina la mmoja wa waliotangulia. Wanawake huketi pamoja na mama, mtoto hunusishwa ugoro kidogo, na wafu wa ukoo huitwa mmoja mmoja. Jina likitajwa mtoto akapiga chafya, basi ndiye huyo amerudi. Vigelegele vinapigwa, chai inamiminwa, kila mtu anarudi kwenye majani yake ya chai.

Huyu hakupiga. Alikuwa amepiga chafya akiogeshwa, na akapiga nyingine jirani yao Elmina alipoingia na marashi yake, lakini jina likiitwa, kimya. Majina ya upande wa babu yakaisha. Wakahamia upande wa Kogo, wajomba na binamu, hata yule mmoja aliyeiba ng'ombe wa watu wa Sotik. Kimya.

Kogo, yaani bibi, kama boma zima lilivyomwita, ndiye aliyekuwa akiita. Alikuwa na miaka themanini na zaidi, mdogo wa mwili, mama mkwe wa Rodah mwenye boma. Rodah naye ndiye nyanya wa mtoto, mwanamke ambaye nyumba yake ikikosa wageni siku mbili hudhani kuna mtu amemsengenya. Leo wageni walikuwapo wa kutosha, na chai ilikuwa inapoa.

"Kogo, umeruka mmoja," Rodah alisema.

"Sijaruka."

"Baba yako je?"

Kogo akafunga kijaluba cha ugoro. "Baba yangu siwezi kumwita. Hajafa."

Chepchumba, mama wa mtoto, akainua macho kitandani.

"Kogo," Rodah akasema polepole, "mzee huyo leo angekuwa na miaka mia moja na kumi."

"Nani ameniuliza miaka? Nimesema sijaambiwa amekufa. Mnataka niite jina la mtu aliye hai, nimsukume kaburini na mkono wangu?"

"Kwani yuko wapi? Anachunga?" Elmina akauliza, na wanawake wawili wakaficha midomo kwa leso. Elmina alipoona amepata wasikilizaji, akaongeza la pili. "Ama ni ile wazee walikuwa wanasema, ati vita iliisha akapata mwanamke mweupe, akaona Kimulot kuna matope mingi?"

Hakuna aliyeicheka hiyo. Kila mtu alikuwa ameisikia, ila haikuwa imewahi kusemwa mbele ya Kogo. Kiptanui, baba yake Kogo, aliondoka na wengine kwenda vita vya Mfalme, ile Vita Kuu ya Pili, binti yake akiwa wa miaka miwili. Wengine walirudi, mmoja na koti refu, mwingine na filimbi. Yeye hakurudi, na barua haikuja. Mke wake hakunyolewa nywele kama wajane wanavyonyolewa, kwa maana hakuna aliyemwambia kwamba ni mjane. Aliishi hivyo, si mke wa mtu si mjane wa mtu, mpaka akafa na nywele zake kichwani.

Kogo alisimama, akamrudishia Chepchumba mtoto, akatoka kwenda kuangalia ndama.

"Sasa Mama, mtoto wangu atakaa hivi tu?" Chepchumba akamuuliza Rodah. "Bila mtu?"

*

Rodah alikuwa mtu wa kutaka kujua. Wengine huumwa na mgongo, yeye aliumwa na jambo asilolijua mwisho wake. Kwa siku tatu alichuma majani akijiuliza huyo Kiptanui alikwenda wapi hasa, na siku ya nne akaweka kikapu chini akaenda sentani, kwenye maduka, kwa Omwenga.

Omwenga alikuwa fundi wa simu, Mkisii aliyehamia Kimulot mwaka ambao daraja lilisombwa, na kibandani mwake habari zilitengenezwa kuliko simu. Kabla Rodah hajamaliza hadithi, Omwenga aliweka bisibisi chini.

"Mama Kiplimo, hiyo vita iko."

"Iko wapi?"

"Kwa laptopu yangu. Na si ya kuigiza. Hii watu walibeba kamera wakaenda nayo huko, wakapiga picha vita ikiendelea. Mtu akianguka, ameanguka. Haamki kwenda kunywa soda. Kuna sehemu nzima ya Waafrika wetu, Burma."

Akamwonyesha kidogo tu. Picha hazikuwa na rangi. Wanaume weusi wenye kofia za ukingo mpana walikuwa wakisukuma lori kwenye matope, na tope lilikuwa lilelile la barabara ya kwenda Mau. Mmoja aligeuka, akamtazama Rodah usoni, akacheka. Rodah akajikuta naye anacheka, kisha akashtuka.

"Watasema majina?"

"Majina? Hapana. Ni Kizungu tu, ati kikosi hiki, mto ule, makaburi yale."

Hapo ndipo wazo lilipomwingia, na halikuwa zuri, lakini alilipenda. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Kipkurui, aliyestaafu, mtu wa kofia na kalamu mfukoni, ambaye ndiye aliyekuwa akitafsiria watu barua za serikali.

"Nataka Jumapili uje utusomee Kizungu cha filamu," alimwambia. "Na wakifika makaburini, useme wamemtaja Kiptanui."

"Wamemtaja?"

"Utasema wamemtaja."

Mwalimu akavua miwani. "Rodah, nimefundisha historia miaka thelathini na moja."

"Si utafundisha tena, dakika moja tu. Kogo atasikia amekufa, ataita jina, mtoto atapata mtu wake. Nani ataumia?"

"Na mtoto asipopiga chafya?"

"Ugoro nitautia mimi," alisema Rodah.

Mwalimu alivua kofia, akaitazama kwa muda mrefu kuliko kofia inavyohitaji, kisha akasema atakuja.

*

Jumapili mchana, mvua ikiwa bado juu ya msitu, nyumba ya Rodah ilijaa mpaka watu wakakalia sufuria zilizofunikwa. Omwenga aliunganisha nyaya zake kwenye tivi. Kogo aliwekwa katikati, kwenye kiti cha sofa, blanketi magotini. Chepchumba alikaa nyuma yake na mtoto. Elmina alikuja mapema akashika mahali pazuri.

Filamu ilipoanza, watu wakaanza kugawana nyuso za askari.

"Huyo ni wa Chepseon! Tazama hiyo paji!"

"Wa Chepseon alikuwa mrefu namna hiyo lini? Huyo ni Mkisii."

"Mkisii kabisa," Omwenga akakubali haraka. "Huyo ni kama babu yangu Oyaro, hata kutembea."

"Sasa huyo anayeenda choo ni wa nani?" mtu akauliza kutoka nyuma, na wote wakacheka wakisema ni wa Omwenga.

Kogo hakutafuta sura. Sura ya baba yake hakuijua, na picha haikuwahi kupigwa. Alichofanya ni kuuliza, na Rodah, aliyekuwa akingoja makaburi yatokee, alijikuta naye anataka majibu.

"Huko kunanyesha kila siku?"

"Miezi mitano mfululizo, Kogo," alisema Mwalimu.

"Kama hapa basi. Hiyo wanakula nini?"

"Nyama ya mkebe na biskuti ngumu."

"Maziwa?"

"Hakuna maziwa."

Kogo akatikisa kichwa. Mzinga ulilipuka, udongo ukaruka juu, na katika chumba watu walirudi nyuma mpaka sufuria moja ikapinduka. Kisha picha ikahamia kwenye mlima, na askari wakapita kwa mstari mrefu, mizigo vichwani, katikati ya vichaka vilivyokatwa sawa kifuani.

"Majani!" nyumba nzima ikasema kwa pamoja.

Ilikuwa chai. Safu kwa safu, mpaka chini bondeni. Mwalimu akaeleza kwamba upande ule wa Bara Hindi majani yalikuwako zamani hata kabla ya Kericho kupandwa, lakini hakuna aliyemsikiliza. Vita ilikuwa imesahauliwa.

"Wameacha yakapita muda wa kuchumwa! Ona hiyo ilivyo juu!"

"Nani angechuma na risasi inapita?"

"Hata hivyo wamepogoa vibaya. Huyo mnyapara wao angefukuzwa."

Kogo alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti. "Siku hizo hapa kwetu Kimulot hakukuwa na majani," alisema. "Kulikuwa na msitu na mtama. Basi yeye alikutana na majani huko." Akafikiri. "Sijui aliyaonaje."

Rodah akatamani filamu isimame hapo. Lakini ilisonga, na mstari wa misalaba ya miti ukatokea, na padri aliyevua kofia kwenye mvua. Msemaji wa Kizungu akasema kwa sauti nzito. Rodah akamtazama Mwalimu. Mwalimu akakohoa.

"Hapo anasema... hapo walizikwa askari wetu. Wengine wa kutoka huku. Anasema, akiwemo Kiptanui."

Kogo akainua mkono. "Simamisha."

Omwenga akasimamisha. Padri akabaki mdomo wazi.

"Huyu anayeongea ni nani?"

"Mtangazaji, Kogo."

"Alikuwa hapo?"

"Hapana. Huyo ni wa juzi tu. Ameongeza sauti juu ya picha."

"Na jina la baba yangu amelitoa wapi?"

"Kwa... vitabu."

"Amesema Kiptanui wa nani?"

"Hakusema."

"Kiptanui ni wengi. Mimi peke yangu nawajua sita." Kogo akamgeukia. "Mwalimu. Mama yako alipolazwa Kaplong, wewe ulikunywa maziwa ya ng'ombe wangu miezi miwili. Nitazame."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, na ikabidi amtazame.

"Hakutaja mtu, Kogo," alisema. "Amesema tu walikufa wengi."

Elmina akapasua kicheko. "Haiya! Kumbe tumeitwa kwa uongo!" Macho ya Mwalimu yakaenda kwa Rodah kabla hajayazuia, na macho ya nyumba nzima yakayafuata. Rodah alikuwa ameshika birika. Alibaki nalo mkononi mbele ya watu thelathini waliokunywa chai yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kuangalia pembeni.

"Nilitaka mtoto apate jina," alisema.

Kogo aligeukia tivi. Alimwambia Omwenga, "Rudisha nyuma. Kwa wale wanaooga."

Omwenga akarudisha mpaka mahali walipopita mapema. Wanaume walikuwa mtoni, uchi mpaka kiunoni, wakirushiana maji. Mmoja alikuwa akipiga mswaki kwa kijiti na kuchekea kamera.

"Hawa wako wapi sasa?"

"Walishakufa, Kogo," alisema Mwalimu, safari hii bila kukohoa. "Wote. Hata aliyeshika kamera."

"Hata huyu wa mswaki?"

"Hata huyo."

"Kwao waliambiwa?"

"Wengine. Ilikuja karatasi kwa chifu, chifu akatuma mtu. Wengine karatasi ilipotea."

Kogo akaongea bila kuwaondolea macho wale wanaume, na watu wakainama kumsikia.

"Mti ulipomwangukia jirani yetu, mimi nikiwa msichana, wazee wawili walikwenda kwake. Walisimama nje. Hawakukubali kuketi, hawakukubali maji. Walimwita mke wake kwa jina, akatoka, wakamwambia. Akalia, akanyolewa. Mimi na mama yangu tulikuwa hapo. Mama alirudi nyumbani akafagia nje kila asubuhi, tangu siku hiyo. Alikuwa anawafagilia njia. Hawakuja." Sasa akageuka. "Rodah, unafikiri mimi siwezi kuhesabu mia na kumi? Najua. Lakini ninyi nyote mnaniambia angekuwa hivi, haiwezekani vile. Ni nani katika ninyi amewahi kuja akasimama pale nje akaniambia?"

Mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati. Rodah akaweka birika chini. Alijua kinachotakiwa, na alikuwa tayari kutoka mara hiyo, hata kwenye mvua, hata bila viatu. Lakini alifika mlangoni akakwama. Kogo alikuwa mama mkwe wake. Tangu aolewe, miaka thelathini na minne, hakuwahi kulitamka jina lake, na mkwe hawezi kulitamka, hata kwa habari ya kifo. Mwalimu peke yake hakutosha, walitakiwa wawili, na watu wengi waliokuwa mle ndani walikuwa wakwe, wajukuu au wageni.

Kulikuwa na mmoja tu mwingine wa umri wa kuweza kumwita kwa jina.

"Elmina," Rodah alisema. "Wewe unaweza kumwita."

"Mimi?"

"Jina lake umelisema huko nje siku zote. Kaliseme hapa."

Kicheko kilikuwa kimemtoka Elmina usoni. Aliangalia kulia na kushoto, akakuta kila mtu anamsubiri. Akainuka kutoka mahali pake pazuri, akajifunga leso, akapita katikati ya magoti ya watu. Mwalimu akavua kofia, akamfuata. Rodah akafunga mlango nyuma yao, akazima tivi.

Kisha sauti ikaja kutoka nje, ndogo, ya mtu aliyezoea kuongea akijua watu watacheka.

"Taprandich!"

Kogo akaondoa blanketi, akasimama mwenyewe. Rodah akafungua mlango. Wawili wale walikuwa uani, maji yakiwatiririka.

"Karibuni ndani," Kogo alisema.

"Hatuingii," alisema Mwalimu.

"Kunyweni maji."

"Hatunywi."

Elmina akainua sauti. "Taprandich, baba yako Kiptanui amekufa. Alikufa vitani, ng'ambo. Siku hatuijui. Mahali hatupajui. Tumechelewa kukuambia." Ilipaswa kuishia hapo, na Mwalimu alikuwa ameshainamisha kichwa, lakini Elmina akaongeza, "Na hakukimbia."

"Umejuaje?" Kogo akauliza, na lilikuwa swali la kweli.

"Sijui," alisema Elmina. "Lakini hata lile lingine sikulijua, na nimelisema miaka hamsini."

Kogo aliitikia kwa kichwa. Kisha akakunja uso kama mtoto aliyeanguka na bado anaangalia kama kuna mtu amemwona, na kilio kikatoka. Hakikuwa kirefu. Rodah alimshika kiuno, akahisi jinsi mwili ule ulivyokuwa mwepesi. Watu wakaanza kutoka kwenye sufuria zao mmoja mmoja, kumpa mkono. Pole, Kogo. Pole kwa baba. Omwenga alimpa mikono yote miwili, akasema pole kwa Kikisii pia, na Kogo akaipokea kama ilivyo. Elmina alikuja wa mwisho, amelowa. Kogo hakumwachilia upesi. Alimshika mkono mpaka Elmina naye akaanza kulia, na hakuna aliyejua nani anamfariji mwenzake.

Chai ilipikwa upya. Kabla giza halijaingia, Rodah alileta wembe mpya na maji ya uvuguvugu. Nywele za Kogo zilikuwa nyeupe na laini, na zilipoanguka kwenye karai, Rodah alimwomba radhi kwa uongo wake.

"Filamu yenyewe ilikuwa nzuri," Kogo alisema. "Usinikate sikio."

*

Walingoja siku nne. Asubuhi ya tano wanawake wakaketi tena chumbani kwa Chepchumba, wachache safari hii. Kogo alimpakata mtoto, kichwa chake mwenyewe kilichonyolewa kikiwaka kwa mafuta ya samli. Alichukua ugoro kwenye ncha ya kidole. Rodah alikuwa karibu vya kutosha kusaidia, na mikono aliikalia.

"Kiptanui," Kogo aliita.

Mtoto alipepesa macho. Chepchumba aliuma leso. Elmina, aliyekuwa ameketi chini karibu na mlango, hakusema neno, jambo ambalo baadaye lilizungumzwa Kimulot kuliko chafya.

"Kiptanui."

Mtoto alikunja pua, akafungua mdomo, akangoja kidogo kama anayekumbuka, kisha akapiga chafya moja kubwa iliyomtikisa mpaka miguuni.

Rodah alishapanua kinywa kwa kigelegele, lakini Kogo aliinua mkono. Bado. Alikuwa amemwinua mtoto mpaka uso wake ukamkaribia, akimchunguza paji, nyusi, kidevu, bila haraka yoyote, kama mtu ambaye ana mambo mengi ya kuuliza na hajui aanzie wapi.

"Sasa baba," alimwambia, "kutoka huko mpaka hapa, ulipitia njia gani?"

Akamtegea sikio, akangoja.